Kitanzi Namba Arobaini na Moja

Nimeacha kazi nikiwa na miaka ishirini na sita. Mama mkubwa, ninayekaa naye hapa Alexandria ya Marekani, akiwaambia majirani kwamba nimestaafu, wanacheka. Lakini mikono yangu imestaafu kweli. Dawa za kufulia zimeichuna ngozi mpaka daktari akasema nikiendelea, vidole havitakunjika tena. Kwa misimu minane nimefua nguo za timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kimoja hapa jirani na Washington. Wasichana wawili wanaochukua nafasi yangu wameniomba niwaeleze kazi. Kuwaeleza kwa mdomo siwezi, naona haya. Nilisoma mpaka darasa la saba na naandika polepole, ila nikiandika hakuna anayenitazama. Someni taratibu, kama nilivyoandika.

Siku ya kwanza niliteremshwa ngazi mbili. Chumba chetu kiko chini ya jukwaa la uwanja na hakina dirisha, ila moja la kupokelea vitu linalotazama korido. Kuna mashine sita za kufulia, nne za kukaushia, na rafu za helmeti kwenye ukuta mzima. Helmeti zaidi ya mia zimegeuziwa mlangoni, zina meno ya chuma na hazina uso. Nilisimama. Mzee Kasongo, mtu wa Lubumbashi aliyekuwa mkubwa wa chumba, alinicheka bila kutoa sauti.

"Ingia, mutoto. Hazina batu ndani. Wenyewe bako ku masomo."

Nilimwambia zinanitazama.

"Ni kweli zinakutazama," alisema. "Utazoea. Mie nilizoea mwaka wa tatu."

Huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu. Damu inafuliwa kwa maji baridi, na ukisahau ukatia ya moto, imebaki maisha. Majani ya uwanja yanatoka kwa siki nyeupe. Helmeti unaibonyeza kwa vidole gumba viwili, juu ya paji na nyuma ya masikio, kama unavyopima embe sokoni. Ikilegea unaijaza hewa, maana mtoto wa watu atapigwa kichwa akiwa nayo. Usizungumze na mchezaji aliyevaa helmeti, hasikii, ataitikia tu kwa kichwa halafu alaumu wengine. "Kazi hii ni ya pua na ya mikono," alisema Mzee Kasongo. "Mudomo uache ku nyumba." Nilifurahi sana. Hakuna kazi nyingine iliyowahi kuniomba nisiseme.

Jambo kubwa kuliko yote ni vitanzi. Kila mchezaji ana kitanzi kimoja, mkanda mfupi wa nailoni wenye namba yake. Akimaliza mazoezi anatunga humo fulana, kaptura na soksi, anakibana, na kukitumbukiza kwenye tundu la ukutani upande wa korido. Kinaangukia pipa letu. Tunafua kitanzi kizima bila kukifungua, tunakausha, tunakitundika koridoni kwenye ndoana yenye namba ileile. Nyuso za wachezaji unaweza usizijue, ila utajua nani anatoka jasho jingi, nani anavuta sigara kwa siri, na nani hajafanya mazoezi, kwa sababu kitanzi chake ni kikavu. Hilo la ukavu lina faida yake, nitalifikia.

Misimu mitatu ya kwanza haina la kueleza. Timu ilishinda, ikashindwa, sisi tukafua. Nguo za mshindi na za mshindwa zinanuka sawa.

Kabla ya msimu wa nne, mwezi wa saba, mchezaji namba arobaini na moja alifariki. Aliitwa Marcus. Gari lake liligongwa kwenye makutano ya barabara kule Springfield, saa nne asubuhi, siku ya jua. Timu iliamua namba yake isivaliwe msimu huo, na kabati lake likaachwa wazi kama alivyoliacha, na viatu vyake, nguo zake za mazoezi na kitanzi chake. Wachezaji walipokuwa wakitoka kwenda uwanjani kila mmoja aligusa ubao wake wa juu. Sisi chumbani kwetu tulisikia, tap, tap, tap, watu mia moja na kitu, kisha kimya.

Mzee Kasongo alinikataza kulikaribia kabati lile. "Kitu ya mufu, ni ya mufu," alisema. Ndoana ya arobaini na moja ilibaki tupu, kati ya arobaini na arobaini na mbili, na kila nilipotundika mkono wangu uliiruka.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, saa sita mchana, wachezaji wote wakiwa madarasani, nilisikia kitu kimeanguka kwenye pipa. Hakukuwa na hatua za mtu, kwa sababu koridoni kuna zulia. Pipa nilikuwa nimelimaliza asubuhi. Nilichungulia nikaona kitanzi kimoja chini kabisa. Fulana ilikuwa imelowa jasho, soksi zina tope. Nilikigeuza nione namba. Arobaini na moja.

Sikupiga kelele. Nilikirudisha nikamwita Mzee. Alikitazama, akajipiga ishara ya msalaba.

"Labda wanatufanyia utani," nilisema.

"Nani? Hawa? Hawa banaogopa hata kukaa ku kiti yake. Hakuna mutu anaweza kucheza na nguo ya mufu."

Hapo ndipo tulipokosea, na nataka mlielewe kosa lenyewe, kwa sababu halikuwa la uvivu. Kwetu Kondoa nguo za marehemu hazichanganywi na za walio hai. Zinafuliwa peke yake, kwa mkono, na huulizi maswali. Kwa Mzee Kasongo, jambo la marehemu halitajwi ovyo mpaka watu wake wamalize matanga, na sisi tulijua mama yake Marcus alikuwa bado hajachukua vitu vyake. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, yeye wa Kongo, mimi wa Tanzania, na tukakubaliana bila hata kubishana. Nilichota maji kwenye beseni, nikafua kwa mkono, nikasoma Fatiha. Yeye akatundika kwenye ndoana. Asubuhi yake ndoana ilikuwa tupu. Saa sita mchana, kitanzi kikaanguka tena kikiwa kimelowa.

Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Zilikuwa siku za ukungu, na juu uwanjani huoni goli kutoka goli. Siku moja nilipanda ngazi na beseni la maji machafu, nikaona mtu anakimbia ndani ya ukungu, upande wa mbali, peke yake. Alikimbia, akasimama, akainama ameshika magoti, akakimbia. Niliteremka bila kumwaga maji. Mama mkubwa aliponiona sili alisema tumsomee marehemu dua, na tulimsomea, yeye na mimi na majirani wawili, tukala na maandazi. Kesho yake kitanzi kikaanguka saa ileile.

"Anamaliza musimu yake," alisema Mzee Kasongo. "Mechi ya mwisho ikipita, ataenda."

Nami niliamini. Nasema bila aibu, kwa kuwa ninyi pia mkikaa chumba kile mchana mzima na helmeti zile, mtaamini mengi.

Sasa lile la ukavu. Msimu huohuo mchezaji namba ishirini na mbili, Kimani, alikuwa ameumia kichwa kwa mara ya pili. Alizaliwa hukuhuku, Herndon, na wazazi Wakenya. Mama yake ni nesi. Ukimsemesha Kiswahili alielewa vyote akajibu Kiingereza. Alikuwa akiniita dada, ndilo neno lake la Kiswahili la kila siku, na ndiye pekee aliyejua jina langu. Alikuwa rafiki wa Marcus tangu shule. Daktari wa timu, mama mmoja mrefu asiyecheka, alimpiga marufuku mazoezi yote, hata kukimbia. Alituambia mbele yake, Mzee akanitafsiria kila neno: akipigwa mara ya tatu kabla kichwa hakijapona anaweza kufa, au akaishi bila kujua jina la mama yake. Helmeti yake ikafungiwa kwenye sanduku.

Daktari yule hakuwaamini wachezaji, na alikuwa na haki. Aliviamini vitanzi. Kila mchana saa saba alisimama dirishani kwetu akiuliza namba za majeruhi, mimi najibu neno moja, yeye anaandika. "Ishirini na mbili?" Najibu, kikavu. Neno hilo la Kiingereza nililijua vizuri. Kila "kikavu" yangu ilimsogeza Kimani karibu na mechi ya mwisho, ile ya Jumamosi, na wapinzani wakubwa. Na sikusema uongo, kitanzi chake kilikuwa kikavu kweli.

Jumatano ya wiki ya mwisho nilikuwa nafua kitanzi cha arobaini na moja kwenye beseni. Kifuani pa fulana kulikuwa na doa. Nilidhani ni tope, nikalisugua, harufu ikapanda. Yalikuwa matapishi, mabichi, na ndani yake mlikuwa na punje za mahindi na maharage.

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Mtu aliyekufa mwezi wa saba hali githeri.

Kuna mchezaji mmoja tu aliyeletewa githeri. Mama yake alikuwa akiipitisha dirishani kwetu Jumanne na Alhamisi akielekea kazini, kwenye bakuli la mfuniko wa bluu, na mtoto akisha kula tunamrudishia bakuli. Nilimwambia Mzee Kasongo. Alikataa kunitazama.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Uhakikishe."

Alhamisi saa sita kasoro nilisimama kimya upande wa ndani wa tundu, sura yangu karibu na ukuta. Nilisikia mtu anapumua upande wa pili, kwa shida. Mkono ukaingia na kitanzi. Niliushika kwenye kiwiko kabla haujaachia.

Haukujivuta. Ulikuwa baridi kuliko nilivyotarajia, na kwa muda mfupi nilirudia kuamini yale ya zamani, nikataka kuuachia.

"Nani?" niliuliza kwa Kiswahili.

Sauti ikasema, "Ni mimi, dada."

"Unatapika tangu lini?"

"Si kila siku."

"Kimani, daktari alisema utakufa."

Akaanza Kiingereza chake cha haraka, nikamwambia sema nisikie. Akasema kwa Kiswahili kibovu, taratibu, kama anayetafuta mawe ya kukanyaga mtoni. Kwamba nguo hizi ni za Marcus. Kwamba waliahidiana kucheza mechi ya mwisho pamoja. Kwamba asipokimbia hatakuwa na pumzi Jumamosi. Majibu ya maswali ya daktari ya kupima kichwa ameshayakariri, na kesho saa tatu asubuhi atajibu na kurudishiwa helmeti.

"Nimemiss mechi tano," alisema. "Kichwa kinauma kidogo tu. Usiniharibie."

"Kidogo kiasi gani?"

Mkono ukalegea, nami nikauachia. Hakuna hatua niliyosikia, zulia lile.

Saa saba daktari akaja dirishani. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyarudia mbele ya mashine, matatu ya Kiingereza. Akauliza, "Ishirini na mbili?" na mdomo wangu ukasema kikavu, kama ulivyozoea. Akaandika, akaenda. Nilibaki nimesimama, na nilihisi helmeti zote nyuma yangu zimesikia.

Mzee Kasongo alikuwa anakunja taulo. "Mwite arudi," alisema.

"Siwezi. Ulimi haufanyi kazi."

"Ukimwambia, atauliza tulijua tangu lini. Wiki tatu, mutoto. Tulifua wiki tatu tukanyamaza. Banatufukuza bote."

"Najua."

"Mie niko na miaka sitini na minne. Nani atanipa kazi?"

"Najua, Mzee."

Nilichukua karatasi ya orodha ya sabuni nikaanza kuandika nyuma yake. Sikumwandikia daktari, nilimwandikia mama yake Kimani, kwa sababu angesoma Kiswahili na kwa sababu bakuli lake la bluu lilikuwa limeoshwa mezani likimsubiri saa tisa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Saa mbili zote niliandika mistari kumi na moja. Neno likikosewa nalifuta na kuanza upya, na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla. Mzee alizunguka nyuma yangu mara nne, akijifanya anatafuta brashi.

"Unaandika kama mwenye kuchonga," alisema. Baadaye akainama akasoma. "Umeweka jina yako tu?"

"Ndiyo."

"Weka na yangu. Andika Kasongo, na K kubwa. Ukiandika vibaya nakataa."

Niliikunja karatasi nikaiweka ndani ya bakuli, nikalifunika. Mama Kimani alikuja na nguo zake za hospitali, ana haraka, hakufungua bakuli. Alisema asante kabisa, msalimie kijana, akaondoka. Nilimtazama akipanda ngazi na maisha ya mtoto wake yamefunikwa mkononi, na sikuwa na sauti ya kumwita. Nilihesabu: anaunga zamu mbili mpaka saa moja asubuhi, mtihani wa Kimani ni saa tatu. Kama hatafungua bakuli usiku ule, basi.

Usiku ule nilimsomea dua Kimani badala ya Marcus. Mama mkubwa aliniuliza huyu naye ni marehemu, nikasema bado.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi mama Kimani alikuwa amesimama dirishani kwetu, karatasi mkononi.

"Wewe ndiye Tunu?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeipata saa kumi usiku nikiweka mabaki ya chakula. Nimeisoma mara tatu kwa parking nikidhani ni mchezo. Ati wiki tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hamkusema. Kwa nini? Mliogopa kocha?"

"Hapana. Tulifikiri ni marehemu."

Alinitazama. Nilitegemea atukane. Mzee Kasongo alikuja akasimama karibu yangu, kofia mkononi.

"Mlifikiri ni marehemu," alirudia mama Kimani, polepole. "Mkamfulia."

"Kwa mkono," alisema Mzee. "Tulimuheshimu."

Uso wake ulifanya kitu nisichoweza kukiandika, kilicho karibu na kicheko. Kisha akasema, "Mimi nimeosha maiti wengi, kazi yangu ni hiyo pia. Siku nyingine muulize walio hai kwanza. Daktari wake yuko wapi?"

Nikampeleka. Nilitangulia koridoni na kupita mbele ya kabati la Marcus, mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Viatu vilikuwepo. Nguo hazikuwepo, na ubao wa juu ulikuwa umepauka pale vidole vilipogusa.

Kimani alikuwa ndani ameketi, anasubiri kuulizwa maswali yake. Aliona mama, kisha akaniona mimi nyuma yake. Mama yake hakumpa nafasi. Alimwambia daktari hakuna maswali leo, nataka kichwa kipigwe picha, na akamwambia mtoto kwa Kikikuyu jambo ambalo sikuhitaji tafsiri.

Picha ilionyesha damu iliyoanza kuvuja ndani, kidogo, upande wa kushoto. Alilazwa. Daktari alituambia baadaye kwamba pigo moja la Jumamosi lingetosha, hata dogo, hata la kuanguka. Alitukaripia sana, Mzee Kasongo akinitafsiria na kupunguza. Hatukufukuzwa. Tangu siku hiyo hasikilizi neno kikavu. Anakuja ndani anavishika vitanzi mwenyewe, namba zote, hata zisizo na mtu. Msishangae akifanya hivyo kwenu.

Jumamosi tulipoteza mechi. Nilisimama pembeni ya uwanja na helmeti za akiba, na moja ilikuwa ya ishirini na mbili, hewa imejaa, imebonyezwa vizuri, bila mwenyewe. Msimu ulipokwisha mama yake Marcus alikuja kuchukua vitu. Nilimkabidhi nguo za mwanawe safi, zimekunjwa. Aliuliza kwa nini zinanuka sabuni mpya. Mzee Kasongo alimwambia ukweli wote, na yule mama akaziweka usoni akakaa nazo hivyo muda mrefu.

Kimani hakucheza tena. Alimaliza masomo yake miaka miwili baadaye, na kwa muda wote huo alipita dirishani kwetu kila siku bila kugeuza shingo. Lile neno dada liliisha.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye maegesho ya duka moja hapa Alexandria, mikono imefungwa bandeji. Nilimwona anasukuma kikapu cha magurudumu na mama yake. Mama alinipungia, akaniita kwa jina. Yeye alinitazama, akanijua, nikaona amenijua, na akageuza uso upande wa barabara. Amenuna mpaka leo. Kisha akainama, akanyanyua mfuko wa unga wa kilo kumi kwa mkono mmoja, akaenda nao moja kwa moja mpaka kwenye gari lao bila kuyumba, akakumbuka walipoliegesha.

Nilisimama pale nikimtazama mpaka wakaondoka. Acha anune. Maiti hainuni.